Mita ya maji: tusimbe kwa AES, Ascon au XTEA?

Mwanzisha mada: Tunaunda mita za maji za tokeni kwa ploti za Kayole na Umoja, na tunachagua njia ya kusimba ujumbe wake, yaani kuuficha kwa ufunguo wa siri. AES, Ascon na XTEA ni njia hizo. Chipu ni ATmega328P: RAM (kumbukumbu ya kazi) kilobaiti 2, basi. Mwenzangu anataka XTEA kwa kuwa kodi yake inaisha chini ya ukurasa mmoja. Mimi ni wa AES. Tumebishana hadi chai ikapoa. Semeni.

Fundi wa Luthuli: XTEA. Ipo tangu 1997: kujumlisha, kusogeza biti na XOR (kulinganisha biti mbili mbili), kwisha. Nani atavunja ufunguo wa biti 128 apate ndoo ya maji?

Mama Saketi: Ndoo gani, fundi? Akipata ujanja atauzia mtaa mzima. Wala hahitaji kuvunja ufunguo. XTEA peke yake haikwambii ujumbe umechezewa njiani. Mkisimba kwa mtindo wa kaunta (kila biti inafichwa peke yake), anageuza biti moja, yuniti 5 zinakuwa 69. Ascon husimba na kuhakiki kwa mpigo mmoja, na hali yake (kumbukumbu inayoishika ikifanya kazi) ni baiti 40 tu. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliichagua 2023, ikaitoa kama kiwango rasmi Agosti 2025.

Fundi wa Luthuli: Na Speck, njia nyingine nyepesi?

Mama Saketi: Ile ya NSA, majasusi wa Marekani? ISO, shirika la viwango la kimataifa, waliikataa 2018. Pita.

Mzee wa Solda: Mnagombania kufuli na dirisha liko wazi. Ufunguo mmeuwekaje? Kama ni mmoja kwa mita zote, atakayefungua moja amezifungua zote. Kila mita ipewe wake. Halafu stima ikipotea, kaunta inayohesabu ujumbe ikarudi sifuri, namba ya mara moja (isiyofaa kutumika tena na ufunguo ule ule) inajirudia, na hapo Ascon yenyewe haiwaokoi. Kaunta iandikeni kwenye EEPROM (kumbukumbu isiyofutika stima ikipotea), lakini si kwa kila ujumbe: seli moja imedhaminiwa kuandikwa mara 100,000. Andikeni kwa kuruka elfu moja moja, mita ikiwaka ianzie elfu inayofuata. Kaunta si mchezo, jamani. Mnakumbuka Novemba 2024 tukibonyeza namba mpya kwenye mita za stima? Hakuna siri iliyokuwa imevunjwa. Ni hesabu ya dakika tangu 1993, biti 24, iliyokuwa inajaa.

Fundi wa Luthuli: Mzee, hapo nimenyamaza. Ila AES bado inaingia kwenye chipu hiyo vizuri tu, tusidanganyane.

Mama Saketi: Inaingia. Sikatai. Bila uhakiki ni yale yale.

Mwanzisha mada: Basi niseme ukweli. Mita 40 zimeshafungwa ukutani. Zote ufunguo mmoja. Naomba ushauri, si matusi.