Vitabu kuhusu mui (mji) wetu: anayeandikwa ana haki ya kukisoma au hana?

Assalam aleikum jamaa zangu wa Amu (Lamu), wa Malindi na mlioko mbali. Juzi pale Mkunguni mbele ya ngome tulibishana mpaka adhana ya magharibi ikatukatiza na mimi langu sikulimaliza, nalileta hapa. Swali lilikuwa hivi: mtu akija kutafiti habari za mji, taarabu au maisha ya washairi wetu, tumfungulie makabati tu, au kwanza atoe ahadi kwamba kitabu kitarudi kwetu kwa Kiswahili? Wengi walisema kiandikwe kwa lugha yoyote ile, kisichoandikwa hupotea. Mimi nasema ahadi kwanza, na sababu yangu naitoa nyumbani kwetu.

Ami yangu amepiga ngoma ya dumbaki kwenye maharusi tangu ujana wake. Alikuja mtafiti, akakaa naye barazani alasiri tatu, akamrekodi, akazipiga picha kanda zake moja moja, zile anazoziweka kwenye sanduku la bati na karafuu kavu juu yake, zimeandikwa ubavuni kwa herufi za Kiarabu na wino umeshakuwa rangi ya chai. Kitabu kikatoka, bei imepita elfu kumi, nani hapa atanunua? Jamaa yetu aliyeko Nairobi akatutumia picha za kurasa nne alizotajwa ami, nikakaa naye namsomea kwenye simu huku nageuza Kiswahili sentensi kwa sentensi. Nikafika pale panaposema wimbo fulani ni wa mume anamlilia mke aliyemuacha. Ami akaniinulia mkono ninyamaze, akasema, "Huyo si mke, ni chombo." Akaniimbia beti mbili polepole, ile shela nyeupe ndo tanga, ile shingo ndo mlingoti, na huko "kuolewa mbali" ni jahazi iliyouzwa na mwenyewe akabaki ufukweni anaitazama ikienda. Ukishaambiwa yote iko wazi! Sasa kwenye kitabu fumbo limekufa, na watu wa mbali watanukuu vile vile kilivyo. Simuoni mtafiti kuwa mbaya, alisikia maneno akayachukua yalivyo, lakini angeleta ile rasimu kwa Kiswahili asome mbele ya ami kabla haijachapishwa, kosa hilo lingetoka kwa dakika mbili.

Kuna aliyenijibu kwamba bila wageni tungekuwa hatuna hata tenzi. Nakubali wamehifadhi vingi, ila tuulize nani alikuwa anawaandikia. Chukueni Muhamadi Kijuma, mtu wa Amu, mshairi, mwandishi wa khati, mchongaji, mwanamuziki, aliyefariki 1945. Ule Utendi wa Liyongo, utenzi wa shujaa wetu, ambao dunia inausoma ni yeye aliyemuandikia Alice Werner, msomi Mwingereza wa lugha zetu, mwaka 1913, na wengine wakaja wakaandikiwa vilevile. Maisha yake yakafanyiwa utafiti London, tasnifu ya 1983, na 2010 kikatoka kitabu kikubwa Ujerumani. Mimi nimemtafuta Kijuma kwa Kiswahili, kitabu cha maisha yake ambacho kijana wa mtaa wa Langoni hapa Lamu anaweza kukishika mkononi, madukani kwetu sijakipata. Mtu huyo angekuwa wa mji mwingine watoto wangemjua kama wanavyojua wachezaji mpira.

Na msiniambie haiwezekani manake imeshawezekana. Zile nakala za kale za msikiti wa Riyadha zilipigwa picha kwa mradi wa British Library na zenyewe zikabaki pale pale Lamu. Tungo za Ustadh Mahmoud Mau, mshairi wa hapa Lamu, zilitoka Uholanzi 2023, Kiswahili chake kimo pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na kitabu chenyewe unakipata bure kwenye simu. Hao walikuwa wageni pia, waliamua tu kufanya hivyo.

Rafiki yangu wa Malindi anasema vitabu vya Kiingereza vinaleta watalii, tusivipige vita. Havipigwi vita. Ila ndugu yangu, kila nikifungua habari za Malindi naanza na Vasco da Gama 1498 na ile nguzo yake, nikirudi nyuma kidogo ni twiga aliyepelekwa China 1415, halafu basi. Waliokuwa wanaimba Malindi je, waliotunga je? Hilo mtalii hataliuliza, ni la kuuliza sisi.

Hoja iliyoniuma zaidi ni ile kwamba Waswahili hawasomi, kitabu kitakaa kiliwe na mchwa. Jamani, Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, hakukuwa na duka la vitabu wala mchapishaji, wanawake wakaunakili kwa mkono na kusomeana majumbani kwao mpaka umetufikia. Watu wetu husoma kwa kusikiliza, anasoma mmoja wanasikia kumi. Mpeni mtu kitu kinachomhusu kwa lugha anayoota nayo muone kama hakitachakaa kwa kushikwashikwa.

Kwa hiyo ninachotaka ni haya tu: rasimu isomwe barazani kwa Kiswahili, nakala iachwe kwenye nyumba iliyotoa habari, na mzee aandikwe jina lake kamili, si "mzee mmoja wa Lamu". Asiyekubali aende na salama zake, kabati halifunguliwi. Najua kuna watakaosema nitawafukuza watafiti na wazee wanaondoka na yao kifuani. Hiyo ni hoja nzito na sina jibu lake lote, ndo maana nimeanza mwenyewe, ami ana kanda 31 na nimeshahamisha nne kwenye simu, beti naziandika kwenye daftari na maana anazonipa yeye. Ya tano utepe wake umegandana. Anayejua kuufungua bila kuukata aniambie, na anayenipinga aje tuendelee.