Video ya Nirvana: ile fujo ya mwisho waliipataje?

GitaaKondele: Wasee, tuko na bendi ya watu wanne hapa Kisumu, tunapiga rock (wacheni kucheka, si lazima kila mtu apige ohangla) na Jumamosi tumepewa ukumbi wa shule moja tushuti video yetu ya kwanza. Nimerudia Smells Like Teen Spirit, ile video ya Nirvana, bendi ya rock ya Marekani, hadi bandozi zimeisha, vile umati unaanza umekaa tu alafu mwisho kila kitu kinavurugika. Sisi tulijaribu wiki jana na mabeste kama 30, nikisema anzeni wanaruka wakicheka kama wako harusini. Wale walifanyaje? Ama ni pesa?

KameraNax: Pesa haikuwa ya kutisha kaka, bajeti inayotajwa ni kati ya dola 30,000 na 50,000, na dairekta Samuel Bayer hakuwa ametoa video ingine kabla ya hiyo. Siri ni masaa. Walishuti Agosti 1991 huko Culver City, karibu na Los Angeles, studio imepangwa ikafanana na jimu ya shule, na wale vijana si waigizaji, ni mashabiki, wengine walipewa vikaratasi vya mwaliko kwa shoo ya Nirvana pale ukumbi wa Roxy siku chache kabla. Sasa chukua shabiki, weka bendi yake hapo mbele, alafu umwambie kaa, kaa, usisimame, masaa na masaa, wimbo ni uleule. Kurt Cobain, mwimbaji wao, naye alikuwa ameshachoka na dairekta, hiyo hasira ya usoni si ya kuigiza. Mwisho mashabiki wakaruhusiwa kushuka, wakaivuruga ile jimu ya kutengenezwa. Hao unaona ni watu wamefunguliwa.

DadaWaEditi: Mimi hapo nakataa kidogo. Ukalishe watu siku nzima na hili joto la Kisumu bila chai na mandazi? Hawavunji kitu, wanashika boda wanaenda zao. Kwangu nguvu iko kwa editi. Kurt hakupenda vile Bayer aliunganisha akaingia mwenyewe, ule uso karibu kabisa na kamera pale mwisho ni yeye aliutaka uwekwe. Wimbo karibu wote unaona nywele, moshi na ile rangi ya manjano chafu, ghafla macho hayo hapo. Na yule mzee wa mopu, msafishaji wa shule kwa hiyo video, jamani!! Anacheza polepole na mopu yake, mimi huangalia yeye tu.

BabuWaKaseti: Vijana, hii sisi tuliiona kwa kaseti ya VHS ya binamu, imekopiwa hadi sura hazionekani, na bado ilitukamata. MTV waliianzisha Septemba 1991 kwa kipindi cha usiku, Januari 1992 albamu yao Nevermind ikamtoa Michael Jackson nambari moja Marekani, Michael mwenyewe! Baadaye Weird Al, mwanamuziki wa vichekesho, akaifanyia video mzaha na akamchukua hadi yule mzee wa mopu. Lakini GitaaKondele, usiige wale wasichana wa kushangilia (cheerleaders) wa kwenye video, hapo walikuwa wanachokoza sherehe ya shule ya kushangilia timu (pep rally) ambayo kila mtoto wa Marekani ameikalia kwa lazima. Sisi yetu ni ipi? Si paredi ya Jumatatu! Weka mwalimu wa zamu na orodha ya waliochelewa, watu wasimame kwa laini hadi miguu ife, alafu uone wakiachiliwa.

GitaaKondele: Babu umeniua, mwalimu wa zamu!! Mjomba ako na koti la kaki na kipara tayari, nitampigia leo. Dada, mandazi yatakuwa lakini yanatoka baada ya kushuti, si kabla. Shida moja tu, mwalimu mkuu amesema kiti kikivunjika tunalipa, kwa hivyo nani hapa ako na viti vya plastiki amevichoka?