Naomba ushauri: kaseti ya Bob Dylan ya 1966 inakwaruza

Wakuu, habari zenu. Marehemu baba aliniachia kaseti ya Bob Dylan, yule mwanamuziki wa Marekani, iliyoandikwa "Royal Albert Hall 1966". Kumbe wala si ukumbi huo wa London! Ni shoo ya Manchester ya 17 Mei, ile ambayo mtu aliyechukizwa na magitaa ya umeme alimpigia kelele "Yuda!" Jina hilo la makosa lilisambaa na nakala za magendo, hadi rekodi ikatoka rasmi 1998.

Upande A, Dylan peke yake na gitaa kavu na harmonika, bado safi. Upande B, wa bendi, utepe unakwaruza na kujikunja. Niuhamishie kwenye kompyuta mwenyewe au nipeleke kwa fundi? Naogopa utakatika. CD naweza kununua, ila mwandiko wa mzee uko kwenye kaseti hii.