Mtoto wa miezi minne na baridi ya Edmonton

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Tumehamia Edmonton, Kanada, mwezi wa tisa kutoka Mwanza. Mtoto ana miezi minne, ananyonya tu. Bibi yake kila tukimpigia anasema, "Mfunike!" Namfunika mpaka anatoka jasho, na bado naogopa kutoka naye. Kaka yangu yuko Minneapolis, Marekani, anataka kutuletea kiti cha gari alichotumia mwanawe. Naombeni ushauri.

Mgeni wa baridi

---

Hongera kwa mtoto, mdogo wangu, na poleni na baridi.

Kiti cha kaka mwache abaki nacho. Hapa Kanada kiti cha mtoto lazima kiwe na nembo ya usalama ya taifa, ile yenye jani la mepo, lile la bendera ya Kanada, ndani ya duara, na vya Marekani havina. Hata cha hapahapa, ukipewa na mtu, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye plastiki yake.

Halafu koti. Mimi nilikuwa nawafunga mapacha wangu mikanda juu ya makoti yale yaliyotuna kama mito. Siku moja muuguzi akaniambia: mtoe mtoto, mvue koti, mrudishe, ufunge mikanda bila kuikaza. Nafasi iliyobaki ilipitisha ngumi yangu! Gari likigonga, koti linasinyaa na mtoto anachomoka. Mvalishe nguo nyepesi mbili tatu, kaza mikanda mpaka vidole vyako visiweze kuibana mkunjo begani, ndipo umfunike blanketi kwa juu. Gari likipata joto, liondoe.

Ukitaka kujua kama ana baridi, gusa shingo kwa nyuma au kifua. Viganja vitakudanganya, vya watoto huwa vya baridi tu. Usiku kitandani blanketi hapana; mnunulie mfuko wa kulalia, ule anaovalishwa kama nguo iliyofungwa miguuni, na alale chali.

Mama wa mapacha

---

Dada amesema vizuri, naongeza mawili.

La kwanza ni matone ya vitamini D. Jua la huku kipindi cha baridi linawaka tu kama taa, halimpi mtoto vitamini hiyo, na ngozi zetu nyeusi zinahitaji jua zaidi. Mtoto anayenyonya anapewa yuniti 400 kila siku, maana akiikosa mifupa inalegea, anaota matege. Lakini soma chupa vizuri: kuna aina ambayo yuniti 400 ziko kwenye tone moja, na nyingine mpaka mililita nzima. Mimi nilibadilisha chupa bila kusoma, nusura nimpe wangu bomba zima la ile ya tone moja. Mke wangu hajaacha kunikumbusha.

La pili, nyumbani wakikutumia wanja wa mtoto, shukuru kisha uweke kabatini. Wanja wa namna hiyo umewahi kukutwa na madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto.

Baba wa watatu, Calgary

---

Asanteni sana, Mungu awabariki. Kaka nimeshamwambia, amecheka tu. Mfuko wa kulalia nimemwonyesha bibi kwenye simu. Kauliza, "Sasa miguu anatupa saa ngapi?" Nikamwonyesha anavyorusha mateke humo ndani, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Na kofia je?"