Biashara Street ya usiku wa Ramadhani, kwa nini isiwe mwaka mzima?

FundiPindo:
Salaam aleikum wenyeji. Mimi nakaa na cherehani barazani Biashara Street, Mombasa, napiga pindo za leso, yaani kanga. Kazi mwaijua: mteja anunua leso dukani zikiwa zimeungana jozi, aniletea nizikate katikati nizipinde huku yeye angoja. Na hapo pa kungoja ndipo mtaa unapokula. Atakunywa kahawa, atakumbuka udi, atapita kuchukua halua ya watoto.

Siku hizi hao wa kungoja wamepungua. Wengine waenda Nyali kwenye maduka yenye pa kuegesha gari, wengine waagiza kwa simu. Mwaka 2018 kaunti iliamuru majumba ya mjini yapakwe nyeupe na buluu, gharama juu ya wenye nyumba. Pakapendeza, sikatai, ila mimi mteja sikuongezewa.

Linalonishinda kuelewa ni hili: kumi la mwisho la Ramadhani hapa hapapitiki. Saa tano za usiku kina mama na wana wao wachagua nguo za Idi, Marikiti kote taa, tuktuk hupati. Mji ni huu huu na watu ni hawa hawa. Hatuwezi walau Ijumaa moja kila mwezi tukafunga saa nne usiku badala ya magharibi? Tuanzie wapi?

DukaLaBabu:
Dada yangu, Ramadhani mtu ametoka tarawehe na Idi yamngoja, hana budi kununua. Mwezi mwingine nikiwasha taa mpaka saa nne, nimlipe mlinzi na kijana wa dukani, nitauza nini? Na mimi nikifungua jirani asifungue, nusu ya mtaa giza, nani atakuja? Ama sote, ama basi.

Tena tusilaumu maduka ya Nyali peke yake. Mizigo ya bandarini ilipolazimishwa kupanda treni ya SGR kwenda kutolewa Nairobi na Naivasha, madereva wa malori, makarani wa kutoa mizigo na makuli walipoteza riziki. Wale walikuwa wateja wangu wa kila mwisho wa mwezi. Agizo liliondolewa Septemba 2022, sawa, lakini aliyekwisha kuhama na familia yake harudi kwa tangazo.

BintiKibokoni:
Mimi niko Maskati. Bibi yangu alikuwa hagusi leso isiyoandikwa "Mali ya Abdulla", na duka lenye chapa hiyo lipo mtaani hapo tangu 1887. Nikija likizo lazima nifike. Lakini likizo ni mara moja kwa mwaka! Nipigieni video, mnifunulie moja moja nisome jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, mwenyewe, kwa sababu siwezi kumpelekea wifi leso ya mafumbo bila kujua namwambia nini. Halafu zipigwe pindo huko huko zije tayari. Hata fundi apata chake.

MkaaziMajengo:
Nyote mwazungumza maduka. Mtu wa Kisauni atarudije nyumbani saa nne akikosa matatu? Tazameni bustani ya ufukweni ya Mama Ngina tangu itengenezwe 2019: jioni watu wajaa kwa mihogo ya kukaanga na madafu, kwa sababu pana taa na pana pa kukaa. Wekeni chakula kwanza. Mtu akishashiba ndiyo ataangalia leso.

FundiPindo:
Ami DukaLaBabu, hilo la sote nakubali nusu. Sisi wa barazani hatuna mlango wa kufunga wala kijana wa kulipa. Nimesema na mafundi wenzangu: Ijumaa ya kwanza baada ya mishahara tutakaa mpaka saa tatu, matatu bado zipo saa hizo. Muuza kahawa ameitikia. Wenye duka watatu wasema watafungua nusu mlango waone kwanza (hao nao!).

Bi wa Maskati, nitakupiga pindo nyembamba, si lile nene kama kamba ya jahazi. Nitumie ujumbe.

Aliyebaki ni muuza mihogo, ataka kujua akiweka karai lake barabarani jioni moja tu kama lazima awe na kibali. Kuna mtu humu amewahi kuombea biashara ya siku moja? Alilipa wapi, na alingoja muda gani?