Hotuba yangu ya darasani kuhusu karanga za Kongwa imeishia njiani, naombeni ushauri

BintiAreaD:
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa kwanza chuo hapa Dodoma, kuna somo kila mtu anatoa hotuba ya kuelimisha dakika 7. Mi nikachagua ule mradi wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, nimesoma wiki mbili, nikatengeneza slaidi 19. Jana nikasimama nikaanza na vita ya pili ya dunia, Uingereza kukosa mafuta ya kula, ekari zaidi ya milioni 3 walizotaka kulima, vifaru vya vita vikageuzwa matrekta, yani nashtuka muda umeisha bado niko 1947 hata mbegu haijagusa udongo. Ticha akaniambia kaa. Nimepewa nafasi tena Alhamisi. Imeniuma maana hii mada naipenda kweli, nikate wapi?

TichaNzuguni:
Pole binti. Nafundisha sekondari, naona hili kila muhula, anayeijua sana mada ndo anaishiwa muda. Andika sentensi moja tu, wenzako wakitoka mlangoni wawe wamejua nini? Kwako naona ni "kwa nini karanga ziligoma Kongwa". Kisichojibu hilo toa, hata kama ulikikeshea. Vita na mafuta vimalize kwa pumzi moja. Halafu jipime na saa ya simu ukiwa umesimama na unatoa sauti, ukisoma kimoyomoyo unakimbia mno, saa itakudanganya. Lenga dakika 6.

MwanaMbande:
Mbukwenyi. Mimi ni wa huko huko. Slaidi waachie wengine, wewe kachukue bonge la udongo wa shamba. Mvua ikinyesha unalainika vizuri tu, jua likishapiga siku kadhaa unakuwa tofali. Sasa karanga ikishachanua, kile kikonyo cha ua kinainama kinaingia ardhini ndo kinazalia huko chini, kikikuta pagumu kinapita wapi? Na zile zilizofanikiwa kuzaa, ukivuta shina linakuja tupu karanga zinabaki chini. Babu alikuwa anasema majembe ya matrekta yalikuwa yanalika kama sabuni.

KijanaWaMakole:
Na mibuyu jamani, kung'oa mbuyu sio mchezo, asiiache.

TichaNzuguni:
Mibuyu sentensi moja. Bonge la udongo ndo hotuba yenyewe, hapo MwanaMbande umemsaidia kuliko mimi.

BintiAreaD:
Wakuu nimerudi, nimetoa leo. Jumapili nilipanda gari mpaka Kongwa, mama mmoja akaniruhusu nichukue bonge pembeni ya shamba lake, nikalibeba kwenye mfuko wa sandarusi. Darasani sikuanza na vita, nimeliweka mezani tu nikamwomba kaka wa mbele aingize penseli kama kikonyo cha karanga kinavyoingia, akasukuma mpaka ncha ikavunjika, tak, na darasa zima kimya. Nikawaambia sasa hii ndo imekula zaidi ya pauni milioni 35 za Uingereza. Kutoka hapo kila nilichosema walikuwa wanalitazama lile bonge.

Katikati nilisahau kabisa mradi uliachwa mwaka gani. Nikanyamaza, nikaangalia kadi yangu, nikavuta pumzi, 1951, nikaendelea. Nilidhani nimekaa kimya dakika nzima, rafiki yangu aliyerekodi anasema ni sekunde 4. Nimemaliza dakika 6 na nusu. Maswali sasa ndo yalikuwa mengi, dada mmoja kauliza kwanini hawakuwauliza Wagogo kwanza, maana wenyeji walikuwa wanajua mvua ya huku ni msimu mmoja na mwaka mwingine inakata mapema. Tumebishana hapo mpaka kipindi kikaisha.

MwanaMbande asante sana. Bonge liko chumbani, mwenzangu kalimwagia maji na kuliweka dirishani, tunahesabu siku litakazokauka.