Nimeuziwa bastola ya watu wa makoti, nami ni mtu wa Mombasa

Wanajukwaa, asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wengine wote.

Nimekaa na jambo hili tangu mwisho wa kaskazi, nikijaribu kulimaliza kwa simu na kwa adabu, na leo naliandika kwa sababu aliyeniuzia bastola ameacha kupokea simu zangu. Jina la duka silitaji, na naomba msinitajie hapa chini. Liko Nairobi, na kwa kisa hiki mahali lilipo lina uzito kuliko jina lake.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi, na duka langu haliko mbali na soko la Kongowea. Siku hizi mafundi wengi hulipa kwa simu, lakini saruji na mabati ya jumla bado hulipiwa noti, na kuna jioni ninazovuka daraja la Nyali kurudi kisiwani nikiwa na mkoba ambao sipendi hata kuufikiria. Pikipiki moja iliponifuata mara mbili katika wiki moja, niliamua kuomba leseni ya silaha. Nilihojiwa, nilichukuliwa alama za vidole, nikaenda kwa daktari, nikasubiri. Kuhusu hayo sina lalamiko. Tangu serikali ilipotangaza Disemba 2018 kwamba kila raia mwenye silaha ahakikiwe upya, hakuna mwenye akili anayetarajia njia ya mkato, na haifai iwepo.

Lalamiko langu ni la kaunta.

Nilimweleza yule kijana wazi kabisa. Nilimwambia kwamba naishi Mombasa, kwamba huvaa shati jepesi na suruali ya kitambaa, kwamba nina miaka hamsini na mbili na kiganja kikubwa cha mtu aliyebeba mifuko ya saruji ujanani, na kwamba sijawahi kumiliki bastola. Aliniitikia kwa kichwa mpaka mwisho, kisha akatoa kutoka chini ya kioo kijibastola chembamba cha 9mm chenye risasi sita kwenye magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini), mtutu wa sentimita nane na ushei, na uzito usiofika nusu kilo magazini ikiwa haimo.

"Mzee wangu, hii ni kama simu," akaniambia. "Utaitia kiunoni na utasahau kama unayo."

Nikamuuliza iwapo naweza kuijaribu kwanza kwenye uwanja wa shabaha. Akasema hakuna haja, kwamba watu wote wa kubeba kila siku huchukua ndogo. Waliotutangulia walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile siku bastola ile ilitembezwa mbele yangu kama bibi harusi. Nikalipa. Aina yake siitaji, kwa kuwa bastola yenyewe haina kosa lolote. Ilitengenezwa vizuri kwa ajili ya mtu mwingine.

Sasa nitaeleza kwa nini nina hasira, maana najua wapo watakaosema nirudishe nichukue nyingine. Bastola si kandambili. Cheti cha silaha kwa sheria yetu ya Silaha za Moto, Sura ya 114, kinataja silaha mahususi pamoja na namba yake, na kinataja pia kiasi cha risasi unachoruhusiwa. Viatu vikikubana unarudi dukani kesho yake, mkabadilishana, mkacheka. Bastola ikikubana, unaanza safari ya maombi upya, na ile ya kwanza lazima ipate mmiliki halali au irudi mahali panaporuhusiwa. Muuzaji analijua hili kuliko mnunuzi yeyote anayeingia dukani kwa mara ya kwanza, na kwa hiyo neno lake pale kaunta ni zito kuliko neno la muuza viatu. Kulitamka kwa wepesi namna ile, ili sanduku moja litoke kwenye rafu, ni dhuluma, nami sina neno lingine la kuliita.

Siku ya kwanza ya mazoezi ndipo nilipoelewa nilichonunua. Kidole changu cha mwisho kilibaki hewani, kwa sababu mpini uliishia kwenye kidole cha pete. Kila risasi iliyotoka iligeuza bastola mkononi mwangu, nikalazimika kuishika upya kabla ya kupiga nyingine, na katika mita saba tu, ambazo ni kama urefu wa duka langu, matundu yangu yalitawanyika kwenye karatasi kama punje za mtama zilizomwagwa. Mwalimu, mtu mpole aliyestaafu jeshini, alinitazama, akanipa bastola yake ya ukubwa wa kati, Glock 19, bila kusema neno. Matundu yakakusanyika. Mkono ni ule ule, jicho ni lile lile, na saa ni ile ile.

Aliponiona nimenyamaza, akanifafanulia, nami nawafafanulia ninyi kwa sababu hili ndilo alilopaswa kuniambia muuzaji. Risasi ya 9mm tunayoitumia sote ni ile ile aliyoibuni Georg Luger mwaka 1902, na haipotezi nguvu nyingi kwa kuwa imetiwa kwenye bastola ndogo. Msukumo ni karibu ule ule, ila chombo cha kuupokea kimekuwa chepesi, basi ziada yote inakuja kwenye kiganja na kiwiko chako. Isitoshe, umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma umekuwa mfupi, kwa hiyo mtikisiko mdogo wa mkono unazaa kosa kubwa kule mbele. Bastola ndogo ni rahisi kubeba na ngumu kupiga, na anayeimudu ni mtu aliyefanya mazoezi miaka mingi. Kumpa mgeni ni sawa na kumkabidhi anayejifunza kuogelea ngalawa yenye tanga moja wakati wa kusi.

Na wala si kwamba hakukuwa na kitu cha katikati. Glock 19 hiyo imekuwako tangu 1988, ina mtutu wa milimita 102, inachukua risasi 15, na uzito wake bila magazini ni kama gramu 600. Anayetaka udogo zaidi, kampuni ya SIG Sauer ilitoa bastola ya P365 mwaka 2018, ambayo ina umbo dogo kama langu lakini inachukua risasi 10. Kuna pia zile ambazo magazeti yetu huziita "Ceska" kana kwamba ni aina moja, ilhali ni jina la kiwanda cha Wacheki, Ceska Zbrojovka, na nyingi katika hizo ni za ukoo wa CZ 75 ya mwaka 1975. Hizo ni za chuma, nzito kwa mkanda wangu, lakini zinatulia mkononi. Yote hayo yalistahili kutajwa kabla sijatoa pesa. Hakuna lililotajwa.

Nije kwenye kubeba kwenyewe, ambako ndiko Nairobi na Mombasa hugawanyika. Aliyeniuzia anavaa koti mwaka mzima. Chini ya koti unaweza kuficha jiko la makaa. Mimi, mwezi wa pili na wa tatu, saa nne asubuhi shati limeshanigandamana mgongoni, na kila kilicho chini yake kinajichora. Na hapa ndipo lile neno la "utasahau kama unayo" linaponichekesha hadi leo, kwa kuwa sijaisahau hata dakika moja. Nikiinama kuinua kopo la rangi, shati linapanda. Nikikaa kwenye tuktuk, mpini unanichoma mbavuni. Siku moja niliingia kuswali adhuhuri msikitini karibu na duka nikiwa nayo kiunoni upande wa kulia, na nilipokwenda rukuu nikahisi upepo wa feni ukinipiga mgongoni mahali ambapo upepo hauna kazi ya kupiga. Aliyekuwa safu ya nyuma yangu ni mwanafunzi wa gredi ya nane. Sikumsikia akisema lolote, lakini swala ile sijui niliswali nini. Tangu siku hiyo siingii nayo msikitini, na Ijumaa, siku ya kanzu, inabaki kwenye sefu nyumbani. Kanzu haina mkanda, na anayesema ataibeba ndani ya suruali chini ya kanzu ajiulize ataifikia vipi bila kujivua nguo hadharani. Wala gari si mahali pa kuiacha, hata kwa dakika tano.

Sasa ala, yaani ule mfuko wa kuvalia bastola kiunoni. Hili ndilo lililonifanya niandike.

Pamoja na bastola, kijana aliniuzia ala ya ngozi laini, akaisifu kwamba haimsumbui mtu mwilini. Ilikuwa nzuri kweli kwa wiki za mwanzo. Kisha jasho la kaskazi likaanza kazi yake. Ngozi ikalainika, mdomo wa ala ukalegea, na kufikia mwezi wa tatu ukawa unajifumba wenyewe kila nilipochomoa bastola. Jioni moja, nimekaa garini nyuma ya duka kabla ya kuondoka, nilikuwa nikiirudisha kwenye ala polepole nikahisi kitu kigumu kinazuia. Sijui kwa nini sikusukuma. Mara nyingi mtu akikwama husukuma. Niliitoa, nikawasha taa ya ndani, nikatazama. Ukingo wa ngozi ulikuwa umejikunja ndani ya ile pete inayozunguka kifyatulio, umelala juu ya kifyatulio chenyewe kama kidole cha mtu. Bastola yangu haina kitufe cha usalama cha kusukumwa kwa kidole gumba. Kinga yake iko kwenye kifyatulio hicho hicho, na chochote kinachokibonyeza sawasawa, kiwe kidole, kiwe kamba ya koti, kiwe ngozi iliyooza kwa jasho, kinaifyatua. Risasi ilikuwa ndani ya chemba, tayari kutoka, na mtutu ulielekea kwenye paja langu. Nilikaa pale garini mpaka mlinzi wa mtaa akaja kugonga kioo kuuliza, "Baba, uko salama?"

Kesho yake niliifungua bastola yote mezani. Sehemu kubwa ya juu ilikuwa salama, lakini skrubu ya kilengeo ilikuwa na vidoa vya kutu, springi ya magazini ilikuwa na rangi ya chai, na risasi mbili za juu, zilizokaa karibu na ngozi, zilikuwa na ukungu wa kijani kwenye shaba. Ngozi hunyonya jasho na hewa ya chumvi kisha huikumbatisha silaha usiku kucha. Kila mvuvi wa Mombasa anajua chumvi inafanya nini kwa chuma. Mimi niliyeuza misumari miaka ishirini nilipaswa kulijua, na kwa hilo najilaumu nusu. Nusu ya pili ni ya yule aliyeniuzia ala bila kunionya kwamba silaha hailazwi ndani ya ngozi, na kwamba huku kwetu hupanguswa na kupakwa mafuta membamba kila baada ya siku chache.

Nikampigia. Nikamweleza kwa utulivu, kwa maneno haya haya. Akasema, "Mzee wangu, hilo ni joto la kwenu huko, ngozi haina kosa." Mbaazi akikosa maua husingizia jua, lakini sikujua kwamba nitaisikia ikisemwa na mtu mzima kwa uso mkavu. Nikamkumbusha kwamba nilimwambia ninakoishi kabla ya kununua. Akasema ala hairudishwi ikishavaliwa. Nikasema sitaki fedha za ala, nataka aniandikie barua ya kueleza mauzo yale ili inisaidie nitakapoomba kubadilisha silaha. Akasema atanipigia. Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita.

Ala ile nimeikata vipande viwili kwa mkasi wa bati ili isije ikaokotwa na mtu akaitumia. Bastola iko kwenye sefu iliyofungwa ukutani kwa bolti, imesafishwa, magazini kando, na vifuko vya kukaushia unyevu nimeviweka ndani, navyo navibadilisha kila mwezi kwa kuwa hapa mjini hujaa maji upesi. Fedha za duka kwa sasa huzipeleka benki mara mbili kwa siku, kazi inayonipotezea saa nzima ya biashara.

Ninachoomba kwenu ni mambo mawili. Kwanza, aliyekwisha kubadilisha silaha kwenye cheti chake anieleze alianzia ofisi gani, alitakiwa alete karatasi zipi na ilimchukua muda gani, kwa kuwa kila niliyemuuliza kwa mdomo amenipa jibu tofauti. Pili, ninyi mnaobeba huku Pwani, na si mnaobeba Limuru kwenye baridi, niambieni ala ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa umbo la bastola inastahimilije jasho letu, iwapo mdomo wake unabaki wazi silaha ikitoka, na iwapo inaumiza mtu mwenye kitambi cha wastani akikaa kwenye gari kutoka Kongowea hadi Tudor wakati wa foleni ya saa kumi na mbili.

Wa kuniambia ninunue koti apite tu.